Ushuhuda wa Mama Mukamazimpaka

Goma, tarehe 14 Agosti 2023

Yaya Evariste,

Kama barua hii inanukia poda, usishangae, nywele zangu bado zimejaa. Nimefaulu! Matokeo yalitoka jana, na kabla sijasoma jina langu mara ya pili, wasichana wa jirani walikuwa wamekwisha kunimwagia kopo zima kichwani, wanaimba, wananisukuma barabarani. Unanijua, kaka yangu. Nilikimbilia jikoni nikajificha nyuma ya gunia la makaa mpaka Mama akaja kunitoa. "We Katungu, watu wamekuja kukufurahia, unataka wafurahie makaa?"

Basi sasa mimi ni muuguzi A2, wa ngazi ya sekondari, ndivyo karatasi inavyosema. Muuguzi asiyeweza kumwambia mutu "habari" bila kutazama viatu vyake.

Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu ninanyamaza, na wewe unaita "allô, allô" mpaka unite za kupigia zinaisha. Sikiliza. Muzee Twagirimana, mkubwa wako wa zamani kwenye ambulansi, alikuja nyumbani kunipongeza. Alisema mapatano ya nchi tatu, yetu, ya ng'ambo ya mpaka na hiyo uliyoko, yamesainiwa. Kuanzia sasa muuguzi wa dharura mwenye leseni ya huku anaweza kuomba itambuliwe huko, bila kurudi shuleni. Umuhire alikuwa ananyonyesha. Aliposikia alisimama na mutoto kifuani, akauliza, "Kwa hiyo mume wangu ataacha kuosha gari, atapanda ndani?"

Kwa bahati Mama alikuwa nje. Yeye bado anaamini kwamba unatibu. Mimi na Umuhire hatujamwambia.

Uliandika kwamba klinike ya Kisoro inakuwekea kiti cha ambulansi mpaka mwisho wa Oktoba, na baada ya hapo watampa mutu mwingine. Ukikipata, Umuhire na mutoto watahamia kwako. Usipokipata, sipendi kuwaza. Niambie ni karatasi gani zinatakiwa huku, nitazifuata. Miguu ninayo, na kazi bado sina.

Barua nimempa Papa Constant wa lori, yule anayepitia Musanze. Ameniapia kwamba hataisoma.

Mdogo wako,
Katungu Fabiola


Kisoro, tarehe 22 Agosti 2023

Docta Katungu,

Ndiyo, docta. Nimecheka peke yangu kwenye banda la magari mpaka mlinzi akaniuliza nimepata mwanamke gani. Nikamwambia, nimepata muuguzi, tena wa bure.

Ninajivunia wewe. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unafunga bendeji kwenye miguu ya meza, nikasema huyu atakuwa seremala. Nilikosea.

Habari za mapatano zimefika hata huku. Mkubwa wa klinike ameniita ofisini, akanipa kiti, jambo ambalo hajalifanya tangu nije. Kiti kile cha ambulansi bado ni changu nikileta kibali. Petite, mdogo wangu, huwezi kujua. Simu ikilia, wenzangu wanapanda, king'ora kinaanza, mimi ninabaki na ndoo na kitambaa. Mikono inataka kwenda nao. Wakirudi, ninaosha damu ya mutu ambaye sikumgusa.

Maombi yanapelekwa Goma, kwenye guichet, dirisha la kupokelea karatasi la kamisheni ya mapatano, kwa sababu leseni yangu ni ya huko. Kamisheni yenyewe inayatuma mbele. Peleka nakala ya diplome yangu (Umuhire anajua ilipo), kadi yangu ya muuguzi, na barua ya mwenendo mwema kazini ambayo Muzee Twagirimana ataiandika na kuisaini. Ni hizo tu. Usiongeze kitu.

Na jambo moja. Ukikutana na Mama Mukamazimpaka, yule anayeuza ndoo na madumu sokoni Birere, msalimie na upite. Usimtaje ofisini. Siku tukikaa pamoja nitakueleza sababu.

Mbusu mutoto. Mwambie Umuhire aanze kuuliza bei ya magodoro ya Kisoro, ni rahisi kuliko ya huko.

Kaka yako,
Evariste


Goma, tarehe 19 Septemba 2023

Yaya,

Imekwisha! Dossier yako, faili zima, imepokelewa, na muhuri umepigwa mbele ya macho yangu. Sasa nikusimulie.

Nilienda ofisini kwa Muzee Twagirimana mara nyingi bila kumwona, kosa langu mwenyewe. Ninaingia, ninakaa kwenye benchi, ninangoja mutu aniulize, hakuna anayeuliza, ninarudi nyumbani. Siku moja sekretari wake, Mama Henriette, aliacha kuandika akanitazama.

"Weye, uko bubu ao uko mulinzi wa benchi?"

Watu wote wakacheka. Nikasema nimekuja kwa karatasi ya Kambale Evariste.

"Eh! Iko na sauti! Na ya Evariste tena! Sasa ulikuwa unangoja nini, benchi ikuzalie mutoto?"

Akaniingiza siku ile ile. Muzee aliandika mistari mitatu, akasaini. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu mimi nilitegemea ukurasa mzima juu ya kazi yako. "Nimeandika kifupi," akasema. "Mu kazi yetu, kifupi njo kizuri." Halafu akauliza kama umeniambia kitu kingine. Nikasema hapana. Akatazama dirishani. "Basi na mie siko na cha kuongeza."

Sasa nisamehe. Sikukutii.

Maneno yako juu ya Mama Mukamazimpaka yalikuwa hayanitoki kichwani. Niliwaza hivi: huyu ana mutoto aliyekufa mikononi mwako, ndiyo maana hutaki kumsikia, na pengine ndiyo maana uliondoka Goma. Nilikuhurumia. Nikaenda Birere, si kusema naye, kumwona tu. Nikasimama upande wa pili wa njia, pikipiki zinanipigia honi. Na juu ya ndoo iliyogeuzwa, yaya, alikuwa amekaa mutoto wa miaka kama mitano, anapiga ndoo nyingine kwa vijiti, anapiga kelele kuliko soko lote. Mama Mukamazimpaka akamwita, "Jephté, utanivunjia biashara!" halafu akaniona.

"Uso huu! Weye ni nani wa Evariste?"

Mimi kusema dada yake tu, akanishika mikono yote miwili akaanza kulia mbele za wateja. "Huyu mujukuu wangu alikuwa maiti," akasema. "Alikunywa sumu ya panya, akaacha kupumua. Evariste njo alikuwa anamupumulisha na ile balo ya kumupatia hewa, anakamua na mikono. Tunafika ku barrière, pa mupaka, gari ya ng'ambo haiko. Banasema: ngojeni hapa, bataalamu ba ng'ambo bako mu njia. Evariste anasema: mikono yangu ikingoja, mutoto anakufa. Akapita! Na miguu! Anakamua tu, anakamua, mpaka ndani ya hospitali ya ng'ambo. Mikono yake haikusimama hata kidogo."

Yaya, kwa nini ulinyamaza? Ulifikiri amekufa? Ni mzima! Ni mtundu hata!

Nilimweleza kwamba unaomba kibali. Akasema, "Na banataka karatasi ya mwenendo? Mie niko nayo hapa mu moyo." Unajua watu wa kanisa lake, neema haifichwi, kila Jumapili mutu anasimama kushuhudia, hata kama ni mbuzi aliyepotea akarudi. Basi akafunga biashara, tukaenda kwa kijana mwenye kompyuta, akasema yote na kijana akaandika yote. Mchungaji wake alisaini, na chef d'avenue, mkubwa wa mtaa wao, akapiga muhuri. Ni ushuhuda mzuri mno. Niliusoma njiani nikalia.

Barua ya Muzee ilikuwa fupi sana, kwa hiyo ushuhuda nimeuweka juu kabisa, wausome kwanza.

Umuhire amenunua godoro kwa bei nzuri hapa hapa, lakini anasema atangoja neno lako kabla ya kulibeba.

Katungu


Kisoro, tarehe 27 Septemba 2023

Katungu,

Papa Constant anageuza lori leo, ninaandika nikiwa nimesimama.

Rudi kwenye guichet. Uombe ile karatasi itolewe. Sema ni kosa, sema imeingia dossier isiyo yake, sema lolote. Usione haya siku hiyo, tafadhali.

Ninajua kwamba Jephté ni mzima. Siku zote nimejua.

Leseni yangu ni ya Goma. Inaishia kwenye laini ya barrière. Pale tunamkabidhi mgonjwa kwa muuguzi wa ng'ambo, tunarudi, hiyo ndiyo sheria. Nilipopita nikikamua ile balo, nilikuwa ninatibu katika nchi ambayo sina ruhusa ya kutibu. Ni kosa la kunyang'anywa kadi. Daktari wa ng'ambo alinipokea mlangoni, akamshika mutoto, akaniambia, "Sikukuona." Polisi wa barrière hakuandika. Muzee Twagirimana hakuuliza. Watu hao walinihifadhi kwa kunyamaza, na mimi nilinyamaza ili na wao wasiumie, nikaondoka Goma kabla mutu hajauliza. Ndiyo maana barua yake ilikuwa fupi.

Na hayo mapatano, sharti lake la kwanza ni hili: mwombaji awe hajawahi kufanya kazi nje ya mipaka ya leseni yake.

Kimbia.

Evariste


Goma, tarehe 6 Oktoba 2023

Yaya Evariste,

Nilikimbia. Barua ilinifikia asubuhi, na kabla jua halijapanda juu nilikuwa guichet. Sikukaa kwenye benchi. Nilipita mbele ya watu waliokuwa kwenye mstari, wakanitukana, nikasema kwa sauti kwamba ninataka kutoa karatasi moja kwenye dossier ya Kambale Evariste.

Karani alifurahi kusikia jina lako. "Ah, ile ya ushuhuda! Tuliisoma hapa wote. Muzuri sana, mama mumoja hapa alilia." Nikauliza iko wapi. "Iliisha kwenda mbele."

Nikasema ni kosa. Akasema kosa gani, ina muhuri wa chef d'avenue.

Kuna jambo baya zaidi. Kamisheni ilimwita Mama Mukamazimpaka athibitishe. Alivaa kitenge kipya, akampeleka na Jephté. Walimwuliza, una hakika kwamba muuguzi mwenyewe alipita barrière? Akajibu, nina hakika mbele ya Mungu. Walimwuliza, aliendelea kumtibu mutoto ng'ambo? Akajibu, mpaka kitandani! Alitoka pale akaja nyumbani kwetu moja kwa moja na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, akatuambia kwamba mambo ni mazuri, waliandika kila neno lake.

Sikuweza kumwambia. Mama alimshukuru. Umuhire alimshukuru. Tulikula zile sambaza.

Yaya, niandikie hata kunitukana.

Katungu


Kisoro, tarehe 11 Novemba 2023

Katungu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Nimengoja iishe. Haiishi, basi ninaandika nayo.

Jibu limetoka. Wamekataa. Ningefikiri yanakomea hapo, lakini soma vizuri, wewe umesoma. Mapatano yanasema kwamba kosa lililothibitishwa katika nchi moja linatambuliwa katika zote tatu. Kwa hiyo kadi yangu ya Goma nayo imefungwa, miaka mitano. Nilikuwa muuguzi upande mmoja wa mpaka na mwosha magari upande mwingine. Sasa si muuguzi popote. Leseni yangu ilishindwa kuvuka. Adhabu yangu imevuka siku moja, bila jeton ya kuvukia, bila kusimama kwenye mstari, bila kuulizwa imebeba nini. Wameniambia mapatano yanafanya kazi, na ninaona ni kweli.

Muzee Twagirimana amepewa onyo kwa kuficha. Daktari wa ng'ambo sijui, ninaogopa kuuliza.

Kiti amepewa kijana wa Mbarara. Ni kijana mzuri. Mkubwa wa klinike alisema ninaweza kuendelea na ndoo, lakini siku ya kwanza yule kijana alipopanda, nilifunga maji nikaondoka. Sasa ninabeba viazi kwenye depo anakopakia Papa Constant. Mwambie Umuhire asije. Nitamwandikia mwenyewe, bado sijui maneno.

Ulifanya kwa upendo, wala sina shaka. Lakini nilikuambia usiongeze kitu. Uliona neno langu ni fupi, ukalirefusha.

Mama Mukamazimpaka asiambiwe. Mwache auze ndoo zake akijua ameniokoa.

Evariste


Goma, tarehe 4 Desemba 2023

Yaya,

Sitaandika "nisamehe" tena. Nimeandika mara nyingi kwenye karatasi ambazo sikuzituma.

Umuhire amesoma barua yako. Hakulia. Aliuza godoro. Halafu alimwambia Mama yote, kuosha magari, viazi, kadi, yote, na Mama akauliza tu, "Kwa hiyo mutoto wa watu alipona?" Tukasema alipona. Akaingia chumbani. Tangu siku ile hataji jina lako mezani, lakini sahani yako ameitoa kabatini anaiosha pamoja na zetu.

Ninakuandikia kwa jambo ambalo naona aibu kulisema. Muzee Twagirimana aliniita. Sehemu yako kwenye ambulansi haina mutu, aliyekushikia nafasi amehama, na majeruhi ni wengi, kila siku wanakuja kutoka upande wa Sake, kwenye vita. Ananitaka mimi. Nilimwambia mimi ni A2, nimetoka shule juzi, siwezi hata kusema na watu. Akasema, "Bagonjwa ba ambulansi habaongei sana."

Nilitaka kukataa. Ni kiti chako, na mimi ndiye niliyekutoa. Lakini Umuhire ananyonyesha, na biashara ya Mama haisogei. Kama unasema hapana, itakuwa hapana, na sitamwambia mutu kwamba ni wewe uliyesema.

Katungu


Kisoro, tarehe 15 Desemba 2023

Katungu,

Kubali.

Mkanda wa upande wa kulia wa kitanda unalegea, uufunge mara mbili. Samy dereva anaendesha vizuri lakini anaimba, mwache aimbe. Usimwambie mgonjwa atapona, mwambie jina lako. Na wewe unaona haya, kwa hiyo jizoeze kulisema.

Ukifika kwenye laini ya barrière, simama. Usinifikirie mimi. Usimfikirie Jephté. Simama, uwangoje wa ng'ambo, umkabidhi mgonjwa, usaini, urudi. Una mutoto wangu nyumbani anayekula kwa kadi yako.

Ninakuandikia hivi kwa mkono wangu mwenyewe na ninaona mkono unakataa. Lakini ndivyo ninavyosema. Simama.

Evariste


Goma, tarehe 23 Januari 2024

Yaya Evariste,

Juzi mchana tulimchukua mwanamke kwenye mtaa wa Lac Vert. Alikuwa amezaa asubuhi, na damu haikukatika. Huku hospitali zilikuwa zimejaa majeruhi, damu ya kuongeza haikuwapo, wakasema apelekwe ng'ambo, wenzao wa huko wako tayari. Aliitwa Mukamugema. Nilimwambia jina langu, akalirudia vizuri. Njia nzima nilikuwa nimekaza tumbo lake kwa mikono miwili, kama walivyotufundisha, na nikikaza, damu inapungua, nikilegeza, inarudi. Mume wake alikuwa amekaa miguuni na mutoto ndani ya taulo. Samy hakuimba.

Tulifika barrière. Gari la ng'ambo halikuwapo. Polisi alisema liko njiani.

Samy alizima moto wa gari, akageuka kunitazama. Aliwahi kufanya kazi na wewe, ninajua alichokuwa anauliza. Kutoka pale hospitali yao inaonekana, unaweza kuhesabu madirisha. Tungeweza kumteremsha na kitanda, mume wake na Samy wabebe, mimi nitembee pembeni mikono yangu ikiwa pale pale.

Nilisema tungoje.

Gari lao lilikuja. Muuguzi wao alikuwa msichana kama mimi, akapanda mbio, akaweka vidole shingoni kwa Mukamugema, akaviacha pale muda mrefu, halafu akanitazama. Nilikuwa bado ninakaza. Ni yeye aliyenitoa mikono.

Hatukumkabidhi. Tulirudi naye. Nilisaini kwamba mgonjwa alifariki upande wetu, ndani ya mipaka ya leseni yangu.

Jioni ile Muzee Twagirimana alisoma ripoti yote mbele yangu. Akasema nimefanya kazi yangu sawasawa, hakuna wa kuniuliza kitu. Mama Henriette aliniletea chai, hakunitania. Mume wa marehemu alikuja kunishukuru, yaya. Alinishika mkono mbele ya watu wote akasema nilimhangaikia mke wake mpaka mwisho.

Uliniambia nisimame, nikasimama, wala sikulaumu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikukiandika kwenye ripoti, na wewe peke yako utakielewa. Tulipofika pale, laini yenyewe sikuiona. Mvua na malori yameifuta, ni lami tupu, huku na kule ni sawasawa. Basi mimi, ambaye siwezi kuuliza mutu kitu, nilisukuma kioo cha pembeni kwa kiwiko, mikono ikiwa kwenye tumbo la yule mama, nikamwuliza polisi laini iko wapi, ili tusije tukaipita.

Akatazama chini, na yeye akaitafuta. Halafu akaburuta kiatu chake kwenye lami. "Tuseme ni hapa," akasema.

Katungu